Siku Niliyopumzika

Dirisha la mgahawa wangu hapa Tunduma halina kioo. Lina wavu, na chini ya wavu kuna ubao ambao fundi aliupigilia ili wateja wa nje waweke sahani zao. Wateja hawakuwahi kuufaidi. Niliujaza chupa za maji nilizozikata katikati, na ndani ya kila chupa nikaweka kile ambacho mwenye akili timamu anakitupa: vitako vya vitunguu vya majani, kisiki cha kabichi, vichwa vya karoti kwenye kisosi. Majani nilikuwa nimeshayapika na watu wameshayala. Hicho kilichobaki nilikitia maji kidogo nikakiambia, haya, anza tena.

Na kilianza. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umekaa barabarani na malori yamewasha taa, mwanga ulipita kwenye zile chupa na nikaiona mizizi inaning'inia, myeupe, myembamba kama ndevu za babu. Juu yake kijani kimenyanyuka kidole kizima tangu jana. Nilikuwa nasimama pale na kikombe cha chai kwa muda ambao sikuwa nao. Harufu ya dizeli, harufu ya maandazi, na vile vitunguu vimenyamaza kimya vinaota. Nilivipenda, sifichi. Vilikuwa viumbe pekee pale mpakani ambavyo havikuniuliza chakula kimeiva au bado.

Mimi napikia madereva. Foleni ya malori ikirefuka mpaka kijiji cha Mpemba, napika usiku kucha maana watu wengi wana njaa. Foleni ikifupika, napika vilevile na kutembeza, maana wateja wamepungua na inabidi niwafuate. Kwa hiyo nambie wewe, hapo ni saa ngapi mtu anakaa. Madereva wa ng'ambo wananiita bamayo, yaani mama, wanataka nshima, nawaambia hapa ni ugali, na ukiuita nshima hauongezeki utamu. Wanacheka, wanakula, wanaongeza. Mmoja aliniuliza siri ya ile bustani yangu ya dirishani. Nikamwambia, mimi na hivi vitunguu ni ukoo mmoja, unatukata jioni, asubuhi tumechipua. Nilisema kwa maringo. Nilitaka pia mama wa chapati anisikie.

Mama wa chapati ni jirani yangu wa meza ya pili, Mnamwanga wa kutoka bondeni Momba, mtu mzima kuliko mimi, mkubwa wa mwili na mpole wa maneno. Kiswahili chake alijifunzia kanisani, kwa hiyo hawezi kusema neno la ukali hata akiungua na mafuta. Mtu kwake hafukuzwi, anaombwa aende. Mtu halewi, anachoka na kinywaji. Namtania sana kwa hilo. Siku ile hilo ndilo lililoniponza, au niseme ndilo lililoniokoa, bado sijaamua.

Mama yangu mzazi yuko Ihanda, kwenye kahawa na mahindi yake. Tulikuwa tunaongea kwa simu, tena kwa kuwahi, maana hapa mpakani simu nazo zina pasipoti. Ukisimama kwenye jiko uko Tanzania. Ukisogea kwenye beseni la vyombo mtandao wa Zambia umeshakuchukua na maongezi yamekatika. Mama kila akipiga alikuwa na swali lake moja. Utapumzika lini? Nami nilikuwa na jibu langu moja. Nitapumzika nikifa, mama. Kisha nacheka. Upande wa pili alikuwa ananyamaza, mimi nadhani mtandao umeondoka.

Miguu ilianza kuvimba wakati wa mvua. Kichwa kikawa kinagonga upande mmoja. Nikaenda zahanati, daktari akanifunga ule mkanda wa presha, akautazama, akaufungua, akaufunga tena kana kwamba mkanda ndio wenye makosa. Akaniambia nikiendelea hivi nitaanguka, na nikianguka huenda nisiamke, niache kazi kwa muda nilale. Nilimsikia vizuri. Niliogopa hata. Lakini nilipofika barabarani niliona foleni imeshapita kituo cha mafuta, malori kwa malori, na moyo wangu ukasema maharage hayajalowekwa. Nikaenda kuloweka maharage.

Asubuhi ya siku yenyewe dereva alitaka mayai na vitunguu vya majani. Nikaenda dirishani na kisu. Kile kitunguu nilikuwa nimekikata mara nyingi, kila mara kikinipa majani membamba zaidi, na safari hii yalikuwa kama nyuzi, ya njano. Nikakitoa kwenye maji nikikate pamoja na kitako chake. Nikakibonyeza kwa dole gumba. Kikabonyea mpaka vidole vikakutana. Ndani hakukuwa na kitu. Maganda na maji yananuka.

Nilibaki nimekishika. Kumbe maji hayakuwa yanakilisha. Kile kijani chote nilichokuwa nakivuna na kukishangilia kilitoka kwenye mwili wake mwenyewe, kilikuwa kinajila ili kunipa mimi majani, na kwa nje umbo limebaki lilelile, jeupe, la mviringo, lina mizizi, anayepita atasema hicho kizima. Halafu sakafu ikainama upande wa barabarani, nikaona sufuria zinateleza ingawa zilikuwa zimetulia.

Mama wa chapati ndiye aliyenidaka. Alininyang'anya kisu kwanza, akanishika kwapa akanipeleka chumba cha nyuma kwenye magunia ya mchele na kigodoro changu, akanivua kilemba. Akaniambia, "Dada, mimi nitaangalia sufuria. Wewe naomba uende kwenye usingizi." Simu yangu akabaki nayo.

Nililala. Sijui nikuelezeje usingizi ule. Haukuwa wa kawaida wangu, ule wa jicho moja kwenye kuni. Nilizama. Niliota ukungu, na ndani ya ukungu mibuni imechanua maua, ile harufu yake tamu inayoshuka kwa siku chache tu baada ya mvua za kwanza halafu huisikii tena mpaka mwaka mwingine. Malori yalikuwa yanapita katikati ya mashamba bila madereva, bila mlio, magurudumu yanakanyaga maua na maua hayachubuki. Hakuna aliyekuwa na njaa. Nilitembea mikono mitupu, nikashangaa ilivyo myepesi.

Ndipo nikasikia kilio. Kilitoka mbali, sauti za wanawake, zinapanda na kushuka, na katikati ya kilio linaitwa jina langu la utotoni, lile ambalo Tunduma hakuna anayelijua. Nikiwa bado mlemle ndotoni nilisikitika. Nikasema jamani, kumbe kuna msiba, maskini huyo dada. Na hapohapo, Mungu ananiona, nikaanza kupanga. Sufuria ile kubwa niwapelekee. Mchele upo. Maharage yaliyolowekwa yanaweza kutosha waombolezaji wa leo, kesho nitaloweka mengine. Nilikuwa nimeshajua nani atabeba kuni. Watu wananililia mimi, na mimi napanga kuwapikia.

Kilio hakikuisha. Nikafumbua macho nikaona bati, magunia, mwanga wa mchana mkali kwenye ufa wa mlango. Nikainuka nikafungua.

Mama yangu alikuwa ameketi sakafuni katikati ya mgahawa, khanga kiunoni, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wafiwa. Mama mdogo, mdogo wake, alikuwa amemshika mabega. Mjomba alisimama mlangoni ameshika kofia. Madereva wawili walikuwa wameacha sahani zao na kuinamisha vichwa. Na mama wa chapati kasimama kando ya jiko na mti wake wa kusukumia, uso umejaa unga na mshangao, hajui afanye nini na watu hawa waliovamia wakaangua kilio bila hata kusalimia.

Mama aliniona. Hakupiga kelele. Alinitazama miguu kwanza, hii iliyovimba, kisha akapandisha macho taratibu mpaka usoni. Akainuka kwa kujishika meza. Akanishika shavu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukanipiga kofi la bega, zito, halafu ukabaki palepale begani.

Mambo yalipofumuka yalikuwa mepesi tu. Mama alikuwa amepiga simu asubuhi. Mama wa chapati akaipokea akiwa anakaanga. Akaulizwa mwenye simu yuko wapi. Sasa yeye angesema nini? Aseme mtu mzima mwenye mgahawa analala asubuhi yote? Kwake hilo ni kumvunjia mtu heshima. Akachagua neno la kanisani, akalishusha na sauti yake ileile ya upole: "Dada amepumzika, mama." Kisha akasogea kwenye beseni, na Zambia ikaichukua simu. Mama kupiga tena, akajibiwa na yule mwanamke wa kwenye mtambo wa ng'ambo, kwa Kiingereza. Akapiga mpaka mikono ikakosa nguvu. Kisha akaita watu.

"Mimi nilisema amepumzika," mama wa chapati alisema, karibu kulia.

"Ndiyo," mama akajibu. "Ulisema amepumzika."

"Sasa si alikuwa amepumzika."

Mama mdogo alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye benchi la wateja, akijifuta macho yaleyale aliyokuwa analilia, na madereva nao wakacheka ingawa mmoja hakujua Kiswahili cha kutosha kuelewa anachekea nini. Mama hakucheka. Alinigeukia.

"Usimlaumu mwenzako. Miaka yote nakuuliza utapumzika lini, wewe unaniambia ukifa. Ni wewe umenifundisha. Leo naambiwa umepumzika, ulitaka nielewe nini?"

Mimi, ambaye dereva yeyote akinichokoza anaondoka na lake, nilisimama pale na shuka mabegani kama mtoto aliyekojoa.

Nje kulikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na nyuma yake wametandika godoro. Nililitazama godoro lile muda mrefu. Lilikuwa la mama mwenyewe, lenye maua ya bluu, nililala juu yake nilipougua surua. Walikuja nalo kuupeleka mwili wangu nyumbani.

"Panda," mama akasema. "Gari nimelikodi la kwenda na kurudi. Haliwezi kurudi tupu."

Nikamwambia siwezi, maharage yako jikoni, foleni iko mpaka juu, nitakuja Jumapili.

"Marehemu hana maharage," akasema mama.

Mama wa chapati alikuwa ameshafunga aproni yangu juu ya yake. Aliniomba niende. Mama akapita dirishani, akatazama zile chupa zangu moja baada ya nyingine kwa uso wa mtu anayetazama mtoto wa jirani asiyelishwa, akachagua vitunguu vilivyokuwa bado vigumu, akamwaga maji machafu, akavifunga kwenye ncha ya khanga. Hakuuliza ni vya nini.

Basi nikarudi nyumbani kwa gari la maiti yangu. Nililala chali kwenye maua ya bluu, mama upande huu, mama mdogo upande ule. Sijawahi kuiona barabara ile kutoka chini. Malori niliyoyapikia maisha yangu yote yalipita juu yangu yakiwa makubwa na ya taratibu kama mawingu, na mawingu yenyewe yalikuwa juu zaidi, hayana haraka. Milingoti ilikuja na kuondoka. Njiani mwanamume mmoja aliona wanawake wenye khanga viunoni na umbo lililofunikwa shuka, akashuka kwenye baiskeli yake akasimama kwa heshima. Nikatoa mkono nikampungia. Baiskeli ilianguka, na yeye akaiacha imeanguka. Hapo ndipo mama alicheka, kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi cha puani, kisha akanifunika mkono.

Kule Ihanda turubai lilikuwa limeshasimamishwa. Walishapata habari kwamba mimi ni mzima, lakini hawakuondoka. Unga ukiletwa msibani haurudi nyumbani kwa aliyeuleta, huo ndio utaratibu wetu, na kuni zilikuwa zimeshawashwa. Wakapika. Mzee wa kanisa aliyekuwa ameandaa maneno ya kuniaga aliyageuza kuwa ya shukrani, ingawa sehemu nyingine hazikugeuka vizuri. Nilikaa mkekani nikala maharage ya msiba wangu. Yalikuwa na chumvi kidogo mno, na mama alikuwa amenikataza hata kufungua kinywa kusema.

Nilikaa nyumbani mpaka miguu ikarudi kuwa miguu yangu. Siku za mwanzo nilikuwa naamka kabla ya jogoo, natafuta kiberiti gizani, nakumbuka niko wapi, narudi kulala. Mchana naketi nyuma ya jiko kwenye jua. Vile vitunguu mama alivichomeka pale, kwenye udongo mwekundu aliouchanganya na samadi. Vilikaa muda bila kufanya lolote, vimelala upande, nikadhani vimekufa. Kisha asubuhi moja vikasimama. Majani yalikuja manene, ya kijani kilichoiva, ukiyavunja yanatoa machozi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kuchuma kwa ajili ya mboga ya mchana.

"Viache," mama akasema kutoka jikoni. Hakuwa hata ananiangalia.

Mbele yangu lilikuwepo shamba la kahawa. Mibuni ya zamani waliikata magotini mwaka ule, mashina matupu, na kila shina wameliachia tawi moja la majani, la kupumulia, mizizi isife wakati chipukizi linajipanga. Ng'ambo ya pili kuna kipande walichokipumzisha kisilimwe kabisa. Niliwaza hilo neno nikiwa pale juani, nikasinzia nalo, nikaamka nalo. Shamba likipumzishwa hakuna anayelia. Hakuna anayekodi gari. Lakini mtu? Nikayapitia maneno yote ninayoyajua. Amepumzika. Amelala. Ametulia. Kila moja ukilitamka kwa simu kuna mtu ataanguka chini. Maneno yote mazuri ya kukaa tumewapa marehemu, sisi tulio hai tumebakiziwa pole na kazi. Nilikasirika kabisa, nikiwa nimekaa peke yangu na kuku.

Niliporudi Tunduma foleni ilikuwepo, ileile. Hakuna dereva aliyekufa njaa. Nitasema kweli, kidogo iliniuma. Mama wa chapati alikuwa amepika kila siku, maharage yake matamu kuliko yangu, na yule wa ng'ambo alikuwa anamwita yeye bamayo. Chupa dirishani tulizitupa, na kwenye ubao wateja sasa wanaweka sahani. Vitunguu vya majani nanunua sokoni kama watu wengine. Kitako nakitupia kuku.

Dawa za presha nameza. Jumapili nikitoka kanisani nafunga mlango wa mbele, najilaza kwenye kigodoro kati ya magunia, nasikiliza malori yanavyopumua breki zao. Nyingine naipitiliza usingizini, nyingine natazama tu bati. Mama anapiga simu saa hiyohiyo. Siku ile nikipanda kirikuu kurudi huku aliniwekea sharti moja, na mama wa chapati alisimuliwa akalishika kama amri: neno lile asilitamke mtu mwingine juu yangu, nilitamke mwenyewe. Simu ikiita nami nimelala, haongei, anakuja nayo tu mpaka kitandani akiwa ameishikilia kwa ncha za vidole kwa sababu ya unga, ananiwekea sikioni, anaondoka kwa kunyata.

"Unafanya nini?" mama anauliza.

"Nimepumzika, mama."

"Sema tena."

"Nimepumzika."

Ananyamaza. Kwa nyuma yake nasikia kuku na upepo wa Ihanda. Siku hizi najua si mtandao. Anasikiliza nikivuta pumzi, na hakati simu mpaka aisikie ikitoka.